Re: Kwa nini daktari alikataa kumwagia mtoto dripu haraka?

Dada, pole na mgonjwa. Umeuliza kwa nini mtoto mwenye homa kali, mikono baridi, anawekewa maji kidogo kidogo badala ya chupa nzima kwa mkupuo. Hata sisi tulifundishwa hiyo ya mkupuo, na ilionekana akili ya kawaida kabisa.

Kisha ukaja utafiti wa FEAST, uliochapishwa 2011. Watoto 3,141 waliolazwa Kenya, Uganda na Tanzania, wote wana homa kali na damu haizunguki vizuri. Dalili mojawapo: ukibonyeza kucha ikawa nyeupe, rangi inachukua sekunde tatu au zaidi kurudi. Kwa kura, wengine walipewa maji ya haraka, wengine maji ya kawaida ya taratibu. Ndani ya saa 48, waliopewa ya haraka walifariki kama asilimia 10.5, wasiopewa, 7.3. Kamati ya usalama ikasimamisha usajili kabla ya muda. Mimi mwenyewe niliposoma nilirudia ile jedwali mara mbili.

Angalizo: watoto wa kuharisha na wenye utapiamlo mkali hawakuhusishwa. Mtoto aliyekaukiwa kwa kuharisha ana utaratibu wake, na huyo maji anayahitaji kweli.

Kwa hiyo daktari wako hakuwa mbahili. Muulize tu anapima nini kila baada ya muda: mapigo, pumzi, sukari, mkojo. Wangapi hapa wameshaonyeshwa ile ya kubonyeza kucha?