Maji ya bahari mgodini, kweli?

SWALI: Mhariri shikamoo, niko Sakina Arusha, bro wangu anachimba tanzanite Mirerani na maji wananunua kwa madumu, eti Chile migodi inatumia maji ya bahari, chumvi wanaipeleka wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ni kweli, mgodi wa shaba wa Escondida uko jangwani Atacama, wanavuta maji ya Pasifiki wanayasukuma kwa presha kubwa kwenye vichujio laini mno, chumvi inabaki nyuma inarudishwa baharini, halafu maji yanapandishwa kwa mabomba hadi kama mita 3,200 juu, umeme unaoliwa hapo ni balaa! Ila maji ya chini ya ardhi huko jangwani yanapona, na hilo mi nalipenda sana. Ila kwenu, toka Mirerani hadi baharini Tanga ni mbali mno, bora mvune maji ya mvua, maji ya kuoshea mawe yatuame mtumie tena.