Nyumba mpya "zimeuzwa": kwa maana gani?

Swali: Nasoma kwenye simu kwamba mauzo ya nyumba mpya Marekani yamepanda, mwezi unaofuata yameshuka. Mimi na mume wangu tunataka nyumba kwenye mtaa mpya unaojengwa upande wa Kasapa. Komisioneri (dalali) anasema nyumba 40 kati ya 60 zimekwisha kuuzwa, tukichelewa bei itapanda. Je, tuharakishe? (Msomaji, komuni ya Kampemba, Lubumbashi)

Jibu: Hapana, mama, msiharakishe. Lakini umefanya vizuri kuniletea hesabu za Marekani na maneno ya komisioneri kwa pamoja, maana yana ugonjwa mmoja.

Kule, Census Bureau, ofisi yao ya sensa, huihesabu nyumba mpya kuwa imeuzwa siku mkataba unapotiwa saini au avansi, yaani malipo ya kutanguliza, inapopokelewa. Nyumba yenyewe inaweza kuwa bado ni nyasi na vigingi. Mnunuzi akighairi baadaye, haitolewi kwenye hesabu. Tena hesabu inatokana na sampuli, kwa hiyo kupishana kwa asilimia 10 na zaidi ni kawaida, na tarakimu za mwezi mmoja hurekebishwa miezi inayofuata. Ndiyo sababu unaona leo juu, kesho chini.

Riba ndiyo inayowaendesha wenzetu: mkopo wa nyumba wa miaka 30 ulikuwa asilimia 2.65 Januari 2021, ukafika 7.79 Oktoba 2023. Sisi wengi tunanunua kwa dola za mkononi, kidogo kidogo, kwa hiyo riba hiyo hatuisikii. Tunachosikia ni shaba. Nyumba moja ya familia Marekani inameza karibu kilo 200 za shaba, kwenye nyaya na mabomba. Soko lao lilipoporomoka, kutoka nyumba mpya 1,283,000 zilizouzwa mwaka 2005 hadi 306,000 mwaka 2011, dunia nzima iliyumba. Mwaka 2008 peke yake tani ya shaba ilitoka zaidi ya dola 8,000 ikaanguka chini ya 3,000, na migodi mingi ya Katanga ikasimama. Mtu wa Lubumbashi haelezwi nyumba za kupanga zinakuwaje mgodi ukifunga. Siku hizi China ndiyo inayotumia karibu nusu ya shaba ya dunia, basi tazameni bei ya shaba kabla ya mauzo ya Texas.

Sasa zile 40. Mwulizeni komisioneri: waliotoa avansi ni wangapi, waliomaliza kulipa wangapi, na wenye sertifika wangapi? Kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ni ya Serikali, na ibara ya 219 inasema haki ya kutumia kiwanja inathibitishwa na sertifika ya uandikishaji tu. Karatasi ya mauzo, hata ikiwa na mihuri mitatu na mashahidi wanne, inawapa la kumdai muuzaji. Kiwanja haiwapi.

Baba mmoja aliniletea bahasha ya kaki: risiti tano za avansi, plani ya rangi nzuri sana, na mkataba wa kukodi kutoka Serikalini. Mkataba ule ni wa muda, hauzidi miaka 3, unampa mtu nafasi ya kujenga kabla ya kupewa haki kamili. Ulikuwa na jina la muuzaji, na muda wake ulikuwa umekwisha. Tulipofika uwanjani, kati ya mawe manne ya mpaka tuliona mawili.

Kwa hiyo ombeni namba ya sertifika, mwende wenyewe kwa konservateri, afisa wa Serikali anayetunza hati za ardhi za eneo hilo (si kwa kutuma mtu), mwulize ina jina la nani, na kama kuna rehani au kesi juu yake. Angalieni tarehe pia: ibara ya 227 inaipa sertifika nguvu ya kutopingwa ikishatimiza miaka 2, hivyo iliyotolewa juzi ina maswali zaidi. Malipo yafuate kazi: msingi, linta, bati. Fungu la mwisho, na lisiwe dogo, libaki mfukoni mwenu hadi sertifika itoke kwa jina lenu.

Komisioneri akisita kutoa namba, zile 20 zilizobaki mtazikuta hata mwezi ujao.