Shangazi, nisome intelijensia ya Marekani au sheria ya hapa hapa?

Shikamoo Shangazi. Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa HGL, naishi Mbagala Rangi Tatu. Nimeona tangazo la chuo cha Marekani kinachofundisha kwa mtandao shahada ya uchambuzi wa intelijensia na haki jinai. Baba anataka nisome sheria, anasema hayo mengine ni ya sinema. Mjomba yuko tayari kuuza kiwanja cha Chanika nipate ada. Niende?
Msomaji, Mbagala

Marahaba mwanangu. Kiwanja kisiuzwe kwanza.

Mimi nimestaafu kitengo cha udanganyifu cha benki moja pale Posta, na kazi unayoitaka ndiyo iliyokuwa inajaza meza yangu. Chukua ule ujumbe unaoujua: "Ile hela itume kwenye namba hii." Mama wa Temeke katuma, kijana wa Tegeta naye katuma. Lalamiko moja moja halisemi kitu. Mchambuzi anayapanga pamoja: namba, saa, jina lililotokea kwenye muamala, wakala ambako hela imetolewa. Ukikuta namba ni nyingi na wakala ni yule yule, utatamani kusema umemkamata mwizi. Ngoja. Kibanda chake kiko wapi? Kama kiko stendi, nusu ya mji inatolea hela hapo.

Kwa hiyo unaandika unachokijua mbali, unachokikisia mbali. Wenye fani wana hata vipimo: aliyeleta taarifa anapewa herufi, A mpaka F, na taarifa yenyewe inapewa namba, 1 mpaka 6. Viko viwili kwa sababu mtu mwaminifu anaweza kukuletea uvumi wa kijiweni, na mwongo naye kuna siku anasema kweli. Ukiweza kuandika ukurasa mmoja wa namna hiyo, bosi akausoma akajua la kufanya, umeshaiva.

Sasa baba yako. Kwenye sinema amekosea, kwenye sheria yuko sahihi. Polisi wetu kila siku wanataja "taarifa za kiintelijensia", lakini taarifa hizo zinamwelekeza mpelelezi tu. Hakimu anataka shahidi aliyeona au kusikia mwenyewe, na kielelezo kilichochukuliwa kwa kufuata utaratibu. Nimeona uchambuzi mzuri ukibaki kwenye faili kwa kuwa aliyeuandika hakujua mahakama inataka nini.

Hiyo shahada ya Marekani wameitengeneza kwa ajili ya ajira za kwao. FBI na CIA wanaajiri raia wa Marekani tu. Wewe wa Mbagala utabaki na cheti, na kabla hujalipa hata senti inabidi uwaulize TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kama wanakitambua.

Hapa kwetu kazi hii ipo: upelelezi wa polisi, Takukuru, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, Kitengo cha Kudhibiti Fedha Haramu. Benki na kampuni za simu pia. Oktoba 2022 FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na fedha haramu, iliiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu kuhusu fedha haramu, ikatutoa Juni 2025. Kipindi chote hicho mabenki hayakulala. Wanaoajiriwa huko ni wanasheria, wahasibu, watu wa takwimu na wa kompyuta. Uchambuzi wanajifunzia kazini.

HGL yako inaingia sheria vizuri. Jaza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Chuo Kikuu Huria pale Kinondoni kiwe cha akiba. Ukiwa chuoni jifunze Excel mpaka uizoee, maana hesabu umeziacha kidato cha nne, najua. Na akija mtu kukwambia ana nafasi ya Usalama wa Taifa, umpe laki tano ya "kufungulia faili", huyo ni wale wale wa ile hela.