Draiva ya taa ya baiskeli ya kujitengenezea

Ndugu, nimekuelewa: una LED nyeupe ya wati 3 na betri moja ya 18650 (betri ya lithiamu ya mviringo, ya kuchaji), na kwa rezista mwanga unafifia ukiwa bado njiani. Achana na rezista. Betri hiyo ikijaa ina volti 4.2, ikielekea kuisha 3. LED inataka kama 3.2, ndiyo maana mkondo unashuka mapema.

Chukua AMC7135, chipu ya draiva, yaani inayoshikilia mkondo wa LED usibadilike. Chipu moja hutoa miliampia 350. Unga mbili sambamba upate 700. Ukiweka betri mbili kwa mfululizo chipu itaungua, hapo tafuta draiva ya kushusha volti.

LED ibandike kwenye alumini ili ipoe. Tafadhali usilehemu waya juu ya betri, tumia kishikio, na betri yenyewe iwe na saketi ya kinga. Ikipata moto wakati wa kuchaji, usiitumie tena.