Ukitundika daluga, usikimbilie kiti cha kocha mkuu

Kila ligi ikiisha hapa Kigoma, napigiwa simu za aina moja. Mmoja goti limegoma, mwingine umri umemtupa mkono, na wote wanauliza: "Kaka, nataka ukocha, nianzie wapi?" Wengine wameshaahidiwa timu kabisa. Jibu langu huwakera: kaombe kuwa kocha msaidizi, tena kwenye timu ya watoto.

Mtazame Emmanuel Amunike. Mwaka 1994 alifunga mabao yote mawili Nigeria ilipoichapa Zambia 2-1 kwenye fainali ya AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, akawa Mchezaji Bora wa Afrika. Miaka miwili baadaye akafunga bao la ushindi la fainali ya Olimpiki, Argentina ikalala 3-2. Akatua Barcelona, goti likamkatili. Kwa jina hilo, wengi wetu tungetaka tukabidhiwe timu ya wakubwa siku hiyohiyo. Yeye mwaka 2013 alikuwa msaidizi wa vijana wa Nigeria chini ya miaka 17 waliotwaa Kombe la Dunia, na mwaka 2015, sasa akiwa kocha mkuu, akalibeba tena kule Chile. Akapitia Al Khartoum ya Sudan, ndipo Agosti 2018 akapewa Taifa Stars, timu yetu ya taifa.

Ukiwa na watoto unajifunza kueleza, na hapo ndipo mastaa wengi wanapokwama. Kuna mwenzangu, winga aliyewatesa sana mabeki pale Uwanja wa Lake Tanganyika, nilimkuta anafundisha krosi. Akapiga mwenyewe tatu, zote zikatua kichwani kwa mshambuliaji. "Umeona? Fanya hivyo." Kijana akapiga, mpira ukapaa nyuma ya goli. "Si nimekuonesha!" Kumbe mguu wa kusimamia ulikuwa unatua nyuma ya mpira na kifua kinalala nyuma, lazima upae. Winga wetu alikuwa anafanya sawasawa miaka yote bila kujua anafanya nini. Huwezi kumfundisha mtu kitu ambacho hujawahi kukitazama.

Timu ya taifa inataka maelezo hayohayo, ila muda hakuna. Oktoba 2018 Stars ilifungwa 3-0 na Cape Verde kule Praia, na siku nne baadaye wakarudiana Dar es Salaam. Toa siku za safari, toa muda wa kupumzisha miguu, halafu hesabu mazoezi yaliyobaki. Tulishinda 2-0. Katika hali ile kocha hana nafasi ya kuhubiri; anachagua jambo moja au mawili ya kurekebisha na anayasema yakaeleweka.

Kisha wachezaji wenyewe si wako. Wanakuja na uchovu wa klabu zao. Hili nimelizoea mapema, maana baadhi ya vijana wangu wanavua dagaa Kibirizi. Giza likiwa totoro wako ziwani na taa usiku kucha, na mbalamwezi ikiwaka wanabaki nchi kavu. Basi mazoezi mazito nayapanga kwa kuangalia mwezi, na siku nyingine tunachezea mpira taratibu tu. Ukimkimbiza kijana aliyevuta nyavu hadi alfajiri, utamvunja msuli bure halafu utamwita mvivu.

Suala la nidhamu nalo usilisogeze mbele. Kwenye kambi yake ya kwanza Amunike aliwaondoa wachezaji sita wa Simba kwa kuchelewa kuripoti. Kelele zilizopigwa unazikumbuka. Akaenda Kampala kucheza na Uganda bila wao, akatoka na sare ya 0-0. Lakini hakuwawekea kinyongo, na mimi hapo ndipo ninapomvulia kofia zaidi. Machi 24, 2019, Stars ilipoifunga Uganda 3-0 na kufuzu AFCON kwa mara ya kwanza tangu 1980, bao la pili lilikuwa penalti ya Erasto Nyoni, mmoja wa wale sita. Huku kwetu mtihani huo unakuja ukiwa mdogo: jaribu kumweka benchi mtoto wa anayenunua mipira.

Na ujue kiti chenyewe hakikaliki. Kwenye AFCON hiyo kule Misri Stars ilifungwa zote tatu, na Senegal, Kenya na Algeria, na Julai 2019 Amunike akaondoka. Kabla yake Charles Boniface Mkwasa, aliyecheza Yanga na kuwahi kuwafundisha Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake, akiwa kocha wa Taifa Stars alitoka sare ya 2-2 na Algeria Dar es Salaam Novemba 2015, na siku tatu baadaye akapigwa 7-0 kwao Algeria, mjini Blida. Kwa hiyo duka lako la vipuri pale Mwanga usilifunge.

Leseni za ukocha za CAF, shirikisho la soka la Afrika, zinaanzia D. Ulizia chama cha soka cha mkoa kozi inayofuata ni lini, na ukienda beba daftari, usibebe picha zako za zamani. Kabla ya hapo njoo jioni uwanjani: nina watoto wengi wa miaka 12 na sina msaidizi.