Kazi za tovuti zisizoisha na malipo ya mwisho yasiyokuja

Mkuu, umesema mmefungua kampuni ya kutengeneza tovuti pale Mwanza, wateja mnapata, ila kazi haziishi, na yule wa hoteli hajamalizia pesa miezi sasa. Nafanya kazi hii Dar. Tatizo lenu haliko kwenye WordPress, ile programu ya kutengenezea tovuti, liko kwenye maongezi.

Kazi nyingi hukwama kwenye maandishi na picha za mteja. Muundo umeshamaliza, yeye anakuambia "nitakutumia kesho", na kesho haifiki. Usimwombe "maudhui" kwa jumla. Muulize swali moja moja: mnauza nini, bei zinaanzia ngapi, anayetaka kununua apige namba gani? Mwenye duka la vipuri hawezi kukuandikia ukurasa wa "Kuhusu sisi", ila ukimuuliza hivyo atakujibu kwa sauti WhatsApp, na humo mna ukurasa mzima. Andika wewe, yeye asahihishe. Uandishi huo uwe na bei yake kwenye profoma (makadirio ya bei mnayompa mteja kabla ya kazi) tangu mwanzo, ni kazi halali.

Halafu mjue nani anasema kwa niaba ya mteja. Shule moja binafsi ilitupa tabu sana: mkuu wa shule anataka hivi, mhasibu vile, mjumbe wa bodi anapiga simu usiku kubadilisha rangi. Tuliomba kikao kimoja, wakamteua mhasibu, na kuanzia hapo mabadiliko yote yakapitia kwake. Kila baada ya simu namwandikia mteja siku hiyohiyo: "Tumekubaliana moja, mbili, tatu. Kama kuna nisichokielewa nirekebishe kabla ya Ijumaa." Ujumbe huo alioujibu "sawa" umenilinda kuliko mkataba wenyewe.

Malipo sisi tunayagawa hivi: asilimia 50 kabla ya kuanza, 30 akikubali muundo, 20 kabla tovuti haijapanda kwenye domeini yake, yaani anwani yake ya mtandaoni ambayo tovuti na barua pepe hutumia. Mkataba unasema pia kwamba maandishi yakichelewa siku 30 tangu tumkumbushe, tunapandisha yaliyopo na ankara ya mwisho inatoka.

Kodi ya zuio, ile anayoikata mteja kwenye malipo yenu na kuipeleka TRA, mamlaka ya kodi, msiisahau. Kampuni mteja ikikata 5% kwenye huduma, kwa ankara ya 2,000,000 mtapokea 1,900,000. Daini cheti cha kodi hiyo iliyokatwa, kinapunguza kodi yenu ya mwaka.

Na tafadhali sana, domeini isajiliwe kwa jina la mteja. Wapo mafundi wanaoishikilia mteja akichelewa kulipa, barua pepe za ofisi nzima zinakatika. Huo ni uonevu, na unatuharibia jina sote.

Huyo wa hoteli mwandikie leo, usimpigie. Orodhesha yaliyokamilika, taja vitu viwili au vitatu unavyosubiri kwake, na mpe tarehe. Asipojibu, ombeni mwende kumwona na kamera, mpige picha za vyumba wenyewe. Akishaziona picha za vyumba vyake kwenye tovuti, zungumzieni salio hapohapo mezani.