Washa mazingira, amilisha, au ingia?

SWALI: Mwalimu, nafundisha vijana kuandika programu kwa Python hapa Nyegezi, Mwanza. Kwenye mwongozo wao niliandika: "Washa mazingira hii pepe kabla ya kusakinisha vifurushi." Mwenzangu anataka "amilisha mazingira haya". Nani yuko sahihi?

JIBU: Mazingira pepe (virtual environment) ni folda inayotenga Python na vifurushi, yaani programu za ziada, vya mradi mmoja. Kwa upatanisho wa kisarufi, mwenzako hana mpinzani. Mazingira ni nomino ya ngeli ya 6, na katika matumizi ya kawaida haina umoja. Tunasema mazingira haya, yangu, yaliyotengwa, hata yakiwa ya mradi mmoja tu. Ukitaka kuhesabu, epuka "mazingira moja". Andika "kila mradi uwe na mazingira yake".

Kitenzi ndicho chenye uzito. Tunawasha taa, jiko, injini ya mtumbwi: vitu ambavyo vikishawaka vinaendelea kufanya kazi, na yeyote aliye karibu ananufaika. Amri `source .venv/bin/activate` haiwashi chochote. Inabadilisha mahali ambapo dirisha lile moja la terminali, yaani la kuandikia amri, hutafuta programu, ili `python` na `pip` (kisakinishi cha vifurushi) zilizomo kwenye folda ya `.venv` zitangulie kupatikana. Mwanafunzi aliyeambiwa "washa" akifungua dirisha la pili huamini mazingira bado yanawaka. Akisakinisha hapo, kifurushi kinaingia kwenye Python iliyo nje ya mazingira hayo. Au, katika matoleo mapya ya Debian na Ubuntu, ambayo ni mifumo ya Linux, anakataliwa kwa ujumbe wa `externally-managed-environment`. Kapotoshwa na kitenzi cha mwongozo.

"Amilisha" ni sahihi, lakini kwa anayeanza napendelea "ingia". Linadai mwenzake, "toka", ambayo ndiyo kazi ya `deactivate`, na linamfanya ajiulize sasa yuko ndani au nje. Jibu analiona mwanzoni mwa mstari: `(.venv)`.

"Pepe" nayo ningeiacha. Folda ipo kweli kwenye diski na inakula nafasi. Kinachoyapambanua mazingira haya ni kutengwa. Basi andika:

"Ukiwa ndani ya folda ya mradi, unda mazingira yaliyotengwa kwa `python3 -m venv .venv`; kwenye Windows, `python -m venv .venv`. Ingia kwa `source .venv/bin/activate`; kwenye Windows, `.venv\Scripts\activate`. Kisha sakinisha vifurushi. Ukifungua dirisha jipya, ingia tena."

Kuwa makini pia na "nakili" na "hamisha". Vijana wanaobeba mradi kwenye flashi kutoka kompyuta ya darasani hadi ya nyumbani wasiambiwe wanakili mazingira. Ndani yake mmeandikwa anwani kamili za folda za mashine ya kwanza, na folda zikibadilika amri zinakwama. Kinachonakiliwa ni msimbo pamoja na orodha ya vifurushi, inayotolewa kwa `pip freeze > requirements.txt`. Mazingira yenyewe *yanaundwa upya* kwenye mashine ya pili. Mwanafunzi anaingia, kisha anaandika `pip install -r requirements.txt`.